Kinyozi Anayejinyoa: Kupunguza Mategemeo ya Kisimamizi cha Vifurushi katika Distro Ndogo ya Linux

Ndugu mwenyekiti, ndugu washiriki,

Nimeombwa nizungumze juu ya namna ya kupunguza mategemeo ya kisimamizi cha vifurushi katika distro ndogo ya Linux, yaani mfumo kamili wa uendeshaji uliojengwa juu ya Linux, nami ningependa kuanza kwa kuikataa njia moja iliyozoeleka ya kulitazama jambo hili, nayo ni ya kuhesabu majina. Mtu huorodhesha maktaba, yaani msimbo wa pamoja, zinazohitajiwa na programu, akazikuta kadhaa, akaondoa baadhi yake, kisha akatangaza kwamba mfumo wake umekuwa mwepesi. Hesabu hiyo ina manufaa yake, lakini hailijibu swali ninaloliona kuwa la msingi: tegemeo fulani likivunjika katikati ya kusasisha mfumo, ni kitu gani kitakachobaki chenye uwezo wa kulirekebisha?

Wahenga walisema kinyozi hajinyoi, na akijinyoa hujikata. Kisimamizi cha vifurushi hakina hiari hiyo. Ni programu ambayo kazi yake ni kubadilisha kila kitu kilichomo kwenye mfumo, kikiwemo chenyewe, zikiwemo pia maktaba zinazokiwezesha kufanya kazi, na hulifanya hilo kikiwa kinaendelea kufanya kazi. Kihariri cha maandishi kikiharibika, tutakisakinisha upya. Seva ya wavuti ikikataa kuwaka, tutarudisha toleo la jana. Lakini kisimamizi kikikosa maktaba moja tu, njia ya kuirudisha maktaba hiyo ndiyo ile ile iliyokatika. Kwa sababu hiyo nasema kwamba mategemeo yake yapimwe kwa kipimo chake peke yake, kilicho kikali kuliko tunachokitumia kwa programu nyingine.

Tuangalie kinachotokea hasa. Kisimamizi kilichoandikwa vizuri hakiandiki juu ya faili la zamani. Huandika faili jipya kwa jina la muda, kisha hulibadilisha jina ili lichukue nafasi ya lile la zamani. Mchakato unaoendelea hubaki umeishika nakala ya zamani mpaka utakapokoma, kwa hiyo kisimamizi chenyewe hakihisi mtikisiko wowote wakati maktaba zake zinabadilishwa chini ya miguu yake. Hatari huanza pale kinapoiita programu nyingine: skripti ya baada ya usakinishaji, programu ya kupakua, au programu ya kuthibitisha saini. Mchakato huo mpya hupakiwa kutoka kwenye diski kama diski ilivyo wakati huo, nusu ikiwa ya jana na nusu ya leo. OpenSSL, maktaba ya usimbaji fiche, ilipotoka katika mfululizo wa 1.1 kwenda 3.0 mwaka 2021, jina la faili la maktaba lilibadilika kutoka libcrypto.so.1.1 kuwa libcrypto.so.3, programu iliyokuwa bado haijasasishwa ilitafuta jina la kwanza, na kama jina hilo lilikuwa limekwisha kuondolewa, programu haikuanza. Umeme ukikatika wakati huo, hata kisimamizi hakitaanza tena baada ya kompyuta kuwashwa.

Ndiyo maana XBPS, kisimamizi cha distro ya Void Linux, hukataa kuendelea na sasisho la mfumo mpaka kwanza ijisasishe yenyewe, na apk, kisimamizi cha distro ya Alpine, hujisasisha kabla ya kugusa vifurushi vingine. Huo ni ulinzi mzuri, lakini si dawa kamili, kwa sababu kujisasisha kwanza maana yake ni kuzisasisha kwanza maktaba zake zote pia, na kila maktaba iliyoongezwa hulipanua eneo la hatari hiyo.

Hatua ya kwanza, basi, ni kuona. Amri ya readelf yenye chaguo la -d huonyesha maktaba ambazo faili la programu limezitaja lenyewe, na ldd huonyesha mti mzima, yaani pamoja na maktaba zinazohitajiwa na maktaba. Tofauti kati ya orodha hizo mbili ndiyo sehemu ninayowaomba muitazame kwa muda mrefu zaidi, kwa kuwa mategemeo ya ngazi ya kwanza tuliyachagua wenyewe, ilhali ya ngazi ya pili na ya tatu tuliletewa bila kuulizwa. Hata hivyo amri zote mbili hazioni mambo mawili: maktaba zinazopakiwa baadaye kwa wito wa dlopen, na programu nyingine ambazo kisimamizi huziita kama watumishi wake.

Mfano wa ngazi hizo za chini tunao, na hauhitaji kutungwa. Tarehe 29 Machi 2024 Andres Freund alitangaza kwamba matoleo 5.6.0 na 5.6.1 ya xz, programu ya kubana data, yalikuwa yametiwa mlango wa siri. Alikuwa ameona kuingia kwenye kompyuta ya mbali kwa SSH kukichelewa kwa takriban nusu sekunde na kutumia prosesa kupita kawaida, akafuatilia hadi akafika kwenye maktaba ya liblzma. Jambo linalotuhusu ni swali la jinsi maktaba ya kubana data ilivyofika ndani ya seva ya SSH. OpenSSH yenyewe haiihitaji. Katika baadhi ya distro, zikiwemo Debian na Fedora, sshd ilikuwa imetiwa kiraka ili iijulishe systemd, programu inayowasha na kusimamia huduma, kwamba imekwisha kuwa tayari. Kiraka hicho kiliitumia libsystemd. Na libsystemd iliunganishwa na liblzma kwa ajili ya kubana rekodi za matukio. Ujumbe uliokusudiwa kupelekwa ni maandishi mafupi yanayotumwa kwenye soketi ambayo anwani yake imo katika kigezo cha mazingira kiitwacho NOTIFY_SOCKET, kazi inayomalizwa na mistari michache ya msimbo. OpenSSH 9.8, iliyotoka Julai 2024, hufanya hivyo kwa msimbo wake yenyewe pasipo libsystemd. Waliokosa balaa hilo kwa sababu ya uchache wa mategemeo hawakuwa wamelitabiri. Kwao mnyororo ule haukuwepo, basi.

Sasa, kisimamizi cha vifurushi hufanya kazi gani hasa? Hupakua, huthibitisha, hufungua, huamua nini kisakinishwe pamoja na nini, kisha huweka kumbukumbu. Kila kazi ina mategemeo yake, wala hazilingani kwa uzito.

Upakuaji ndio mahali ambapo uzito hujificha kwa urahisi zaidi. libcurl ni maktaba nzuri na inatunzwa vyema, lakini kwa kawaida hujengwa ikiwa na itifaki nyingi ambazo kisimamizi hakitazigusa kamwe, na hubeba pamoja nayo maktaba za HTTP/2, za majina ya kimataifa ya tovuti, za orodha ya viambishi vya umma, na za aina kadhaa za mbano. Apk na XBPS zilichagua njia nyingine: zote mbili zimebeba ndani yake nakala ya libfetch, maktaba ndogo yenye asili ya FreeBSD. Kwa mtazamo wa ldd, tegemeo limetoweka. Je, limetoweka kweli? Mwaka 2021 iligunduliwa kasoro katika libfetch, iliyopewa nambari CVE-2021-36159, iliyoruhusu kusoma kumbukumbu nje ya mipaka yake, na sehemu mojawapo ya kasoro hiyo ilikuwa katika msimbo wa FTP, itifaki ya zamani ya kuhamisha mafaili. Kasoro iliwagusa FreeBSD, Alpine na Void kwa pamoja, na kila mmoja alilazimika kuirekebisha katika nakala yake.

Nalitaja hili kwa sababu mbili. Kwanza, kuihamishia maktaba ndani ya msimbo wetu ni kubadilisha mtunzaji wala si kupunguza mzigo. Aliyekuwa akipokea marekebisho kutoka kwa wengine sasa anatakiwa kuyafuatilia na kuyaingiza mwenyewe. Pili, ukiamua kuibeba, basi ibebe kwa nia ya kuikata. FTP ilikuwa na kazi gani ndani ya kisimamizi ambacho hazina zake zote zinapatikana kwa HTTP? Faida pekee ya kweli ya kuwa na nakala yako ni uhuru wa kuondoa usichokihitaji, na asiyeutumia uhuru huo amejichukulia mzigo bila ujira.

Kufungua vifurushi nitakupitia haraka. libarchive husoma aina nyingi mno za majalada, kuanzia tar na cpio hadi zip, 7z na picha za diski za ISO, ilhali kisimamizi kinahitaji aina moja, ile ambayo distro yenyewe huitengeneza. Msomaji wa tar anayetosha kwa kazi hii ni mdogo. Kuhusu mbano, ushauri wangu ni kuchagua mmoja na kuushikilia. Arch Linux ilipohamisha vifurushi vyake kutoka xz kwenda zstd mwanzoni mwa mwaka 2020, ilieleza kwamba ukubwa wa jumla wa vifurushi uliongezeka kwa takriban asilimia 0.8, na kasi ya kuvifungua iliongezeka kwa takriban asilimia 1,300. Badiliko la namna hiyo lina maana. Lisilo na maana ni kubaki na gzip, bzip2, xz na zstd zote kwa pamoja, eti kwa sababu huenda siku moja mtu atakuwa na kifurushi cha zamani.

Liko jambo moja la muundo ambalo si la kupita haraka. Faili la .deb ni jalada la ar lenye ndani yake majalada mawili ya tar, na muundo wa apk wa toleo la 2 ni mfuatano wa majalada ya tar yaliyobanwa kwa gzip. Maana yake ni kwamba mtu aliyebakiwa na BusyBox peke yake, programu moja ndogo yenye zana nyingi za msingi, kwenye kompyuta ambayo kisimamizi kimekufa, anaweza kukifungua kifurushi kwa mkono na kuirudisha maktaba iliyokosekana. Muundo wa toleo la 3 la apk umeachana na tar. Sisemi kwamba uamuzi huo ni mbaya, maana kusoma jalada la tar lisilothibitishwa kuna hatari zake nitakazozieleza punde. Nasema tu kwamba njia ya dharura iliyokuwa ya bure sasa inahitaji kuandaliwa kwa makusudi, na wanaoiga uamuzi huo wasiisahau kazi hiyo.

Nafika sasa kwenye uthibitishaji, ambao ndio kiini cha maneno yangu ya leo, na ambao watu wengi huuogopa kuugusa. Nami naona woga huo una haki nusu.

Pacman, kisimamizi cha Arch, huthibitisha saini kwa gpgme. Maktaba hiyo haithibitishi saini yenyewe. Huiita gpg, programu ya GnuPG ya kushughulikia saini na funguo, na kuzungumza nayo kupitia mifereji. Kwa hiyo ukiitegemea gpgme umeitegemea pia libassuan, libgpg-error, libgcrypt, npth na programu nzima ya GnuPG pamoja na hifadhi yake ya funguo. Tena, kama nilivyosema, programu inayoitwa katikati ya sasisho ndiyo inayopakiwa kutoka kwenye diski iliyobadilishwa nusu. Kazi yote hiyo hufanyika ili kujibu swali moja: je, faharasa hii ya vifurushi imetiwa saini na ufunguo ambao tayari ninao?

OpenBSD ililijibu swali hilo kwa namna nyingine. Toleo la 5.5, la mwaka 2014, lilikuja na signify, programu ndogo inayotumia Ed25519, aina ya saini ya kidijitali, ambamo ufunguo wa umma una baiti 32 na saini ina baiti 64. OpenWrt, distro ya ruta, inayo usign, iliyoandikwa kwa muundo huo huo. Hakuna mtandao wa kuaminiana (watu kuthibitishana funguo zao), hakuna seva za funguo, hakuna tarehe ya kuisha kwa ufunguo. Namna ya kubadilisha funguo ni ya moja kwa moja: toleo la sasa husafiri likiwa na ufunguo wa toleo lijalo, kwa hiyo anayeliamini la leo anao msingi wa kuliamini la kesho.

Sikubaliani na wale wanaosema kwamba kwa kuacha GnuPG tunajinyima usalama. Distro ndogo yenye watunzaji wachache na seva moja ya kutia saini haiutumii mtandao wa kuaminiana hata kama inaubeba. Lakini sikubaliani pia na upande wa pili, wa wale wanaotaka kuandika wenyewe hesabu za Ed25519 ili waseme hawana tegemeo. Katika usimbaji fiche, msimbo wa mtu mwingine uliosomwa na wengi ni bora kuliko msimbo wangu niliousoma peke yangu. Chukua utekelezaji mdogo unaojulikana, uuweke kama ulivyo, uandike umetoka wapi na ni toleo gani, na usiuguse.

Ukubwa mdogo wa msimbo hauleti usalama wenyewe. Mwaka 2018 iligunduliwa kasoro katika apk, kisimamizi ambacho sote tunakisifu kwa wepesi: ilikuwa ikifungua mafaili ya kifurushi kwenye diski huku bado ikikokotoa hashi yake (alama fupi inayotokana na baiti zake), ikitarajia kuyafuta endapo hashi isingelingana. Mtu aliyekaa katikati ya mawasiliano, kwa kupanga viungo na mafaili kwa ustadi, aliweza kuacha kitu nyuma na kukiendesha. Januari 2019 ikafuata APT ya Debian, kisimamizi kikubwa zaidi, ambapo jibu la HTTP la kuelekeza kwingine liliweza kutumiwa kuupotosha mchakato mkuu ukaamini hashi za uongo. Hiyo ni CVE-2019-3462. Kimoja kidogo, kingine kikubwa, na vyote viwili viliingiliwa mahali pamoja: kati ya kupokea baiti na kujua kwamba ni za kweli. Kwa hiyo kama kuna mahali pa kutumia muda ambao umeuokoa kwa kupunguza maktaba, ni hapa. Thibitisha kwanza, kisha ndipo ufungue.

Vipi kuhusu TLS, yaani usimbaji wa mawasiliano yenyewe? Wako wanaosema kwamba kwa kuwa vifurushi vina saini, HTTP tupu inatosha, na hivyo OpenSSL iondolewe kabisa kwenye kisimamizi pamoja na fungu zima la vyeti. Hoja yao ina nguvu kwa upande wa ukweli wa data. Upande wa usiri haina, kwa sababu anayesikiliza ataona ni vifurushi vipi unavyovichukua na ni vipi hujavisasisha. Tena saini peke yake haimzuii mtu kukupa faharasa ya mwezi uliopita, iliyo na saini halali lakini yenye kasoro ambazo zimekwisha kurekebishwa. Ndiyo maana Debian huweka katika faili lake la Release sehemu ya Valid-Until, inayoeleza mwisho wa uhalali wake. Ukiondoa TLS bila kuweka tarehe ya mwisho ndani ya faharasa, umepunguza zaidi ya ulichokusudia. Maoni yangu ni kwamba TLS ibaki, lakini iwe sehemu inayoweza kukosekana bila kisimamizi kufa: ikiwa maktaba yake haipakiki, kisimamizi kiweze kusakinisha kifurushi kilichoko kwenye diski au kwenye kijiti cha USB, na saini zikaguliwe na msimbo usioitegemea OpenSSL. Mgawanyo huo, kwa tathmini yangu, una thamani kuliko kufuta maktaba tano nyingine.

Kazi ya kuamua vifurushi gani viende pamoja ina sifa ya ugumu, na sifa hiyo ni ya haki: tatizo la jumla la kutatua mategemeo ya vifurushi limethibitishwa kuwa NP-timilifu, yaani hakuna njia ya haraka inayojulikana ya kulitatua katika kila hali. openSUSE 11.0, mwaka 2008, iliingiza kitatuzi chenye mbinu za SAT (kutatua masharti ya kimantiki ya ndiyo au hapana), kazi iliyozaa libsolv, ambayo leo imo pia katika DNF, kisimamizi cha Fedora. Distro ndogo haina haja ya kukimbilia huko. Ugumu wa tatizo hutokana na matoleo mengi ya kifurushi kimoja, na mbadala nyingi, na migongano mingi. Hazina yenye toleo moja tu la kila kifurushi hulifanya tatizo karibu liwe la kutembea kwenye mti. Slackware, iliyoanza mwaka 1993, haijawahi kuwa na kitatuzi ndani ya zana zake rasmi, na pkgadd ya CRUX nayo hutia kifurushi ilichopewa bila kuuliza zaidi. Sipendekezi tufike huko. Napendekeza kwamba sera ya hazina ichukuliwe kuwa sehemu ya msimbo wa kisimamizi, kwa maana kila sheria inayofuatwa na wanaotengeneza vifurushi ni msimbo ambao hatutauandika.

Kuhusu kumbukumbu ya vilivyosakinishwa, dpkg, pacman na apk zote hutumia maandishi matupu yanayoweza kurekebishwa kwa kihariri. RPM ilibeba Berkeley DB kwa miaka mingi mpaka Fedora 33, mwaka 2020, ilipohamia SQLite. Maandishi yanatosha.

Lipo tegemeo ambalo halitajwi kwa kuwa ni kubwa mno kuonekana, nalo ni lugha yenyewe. Kisimamizi kilichoandikwa kwa Python kinaitegemea Python nzima, na moduli za Python hukaa katika saraka yenye nambari ya toleo, kwa hiyo lugha ikihama kutoka toleo moja la 3 kwenda linalofuata, moduli za jana hazionekani tena mpaka zijengwe upya. Fedora iliishi na hali hiyo kwa yum na kwa DNF, hadi Fedora 41, ya mwaka 2024, ilipoifanya DNF5, iliyoandikwa kwa C++, kuwa ya kawaida. Wapenzi wa wepesi mara nyingi hukimbilia sheli badala yake, na KISS Linux ni mfano mzuri wa kisimamizi kizima kilichoandikwa kwa sheli ya POSIX. Nakipenda kwa usomekaji wake. Lakini tusijidanganye: skripti ya sheli haionyeshi chochote kwa ldd kwa sababu mategemeo yake yote ni programu zinazoitwa kwa jina, na kila sed, awk, tar na curl ndani yake ni tegemeo kamili, lenye tofauti zake kati ya BusyBox na GNU. Na kila mojawapo huitwa kama mchakato mpya, hali ambayo tayari nimeieleza.

Njia inayobaki ni kuunganisha kila kitu ndani ya faili moja kwa namna tuli, kama ilivyo katika apk-tools-static na xbps-static. Kwa distro inayotumia musl, maktaba ndogo ya msingi ya lugha ya C, njia hii ni rahisi. Kwa glibc, maktaba ya C ya GNU, ina mtego, kwa kuwa utafutaji wa majina ya mtandao katika glibc hupakia moduli zake wakati wa kuendesha, hivyo faili linaloitwa tuli huendelea kuhitaji glibc ile ile iliyojengewa. Gharama yake inajulikana. Heartbleed, kasoro ya OpenSSL, ilipotangazwa Aprili 2014, aliyekuwa na OpenSSL kama maktaba ya pamoja alibadilisha kifurushi kimoja na kuwasha upya huduma zake, ilhali mwenye mafaili tuli alilazimika kwanza kujua ni yapi yenye OpenSSL ndani yake, kisha kuyajenga yote upya. Kwa mfumo mzima ni bei kubwa. Kwa programu moja ya uokoaji, ambayo tunajua imebeba nini, ni bei ndogo sana, nami sioni udhuru wa distro yoyote kutokuwa nayo ndani ya usakinishaji wake wa msingi, isipokuwa pale ambapo nafasi hairuhusu kabisa. OpenWrt ilifika huko: vifaa vyenye megabaiti 4 za hifadhi na 32 za kumbukumbu viliachwa baada ya mfululizo wa 19.07, na hapo kila kilobaiti ilikuwa na hoja.

Mategemeo ya wakati wa kujenga nayataja kwa ufupi, ingawa anayeipeleka distro kwenye aina mpya ya prosesa atayakuta kabla ya mengine yote. Meson, zana ya kujenga programu, huhitaji Python, OpenSSL huhitaji Perl ili ijengwe, na kurasa za mwongozo huweza kuvuta lugha nyingine nzima kwa ajili ya kugeuza maandishi. Mbadala zipo: muon badala ya Meson, samurai badala ya Ninja, scdoc kwa kurasa za mwongozo, zote zikiwa zimeandikwa kwa C. Kwa kisimamizi chenye mafaili machache ya msimbo, Makefile ya kawaida inatosha.

Ninachoomba kifanyike kabla ya toleo lijalo la distro yoyote mnayoitunza ni jaribio, na liwe linaendeshwa na mashine kila kisimamizi kinapobadilika. Tengenezeni usakinishaji wa msingi ndani ya chroot, yaani saraka inayofanywa kuwa mzizi wa mfumo uliotengwa. Chukueni orodha ya maktaba na programu zote ambazo kisimamizi huzigusa, mkiipata kwa kukifuatilia kwa strace, zana inayorekodi miito ya programu kwa mfumo, wala si kwa ldd peke yake. Ondoeni moja, kisha jaribuni kuirudisha kwa zana zilizobaki tu, kifurushi kikiwa tayari kwenye diski. Ikirudi, pitieni inayofuata. Isiporudi, tegemeo hilo lipate jina la mtu anayelitunza na njia ya kulirudisha iliyoandikwa ndani ya mfumo wenyewe, mahali panaposomeka bila mtandao. Na kama hakuna anayekubali jina lake liandikwe hapo, hilo ndilo la kwanza kukatwa, hata kama ni maktaba ndogo kuliko zote.

Ndugu mwenyekiti, nimefika hapo. Naomba maswali yaanze na saini, kwa kuwa najua humu ukumbini wamo wanaoitetea GnuPG, na ningependa kuwasikia.